Mfupa wa Lori

Katika mji wa Tabora, upande wa Ng'ambo, chini ya mwembe ambao umri wake haujui mtu yeyote aliye hai, liliegeshwa kwa muda wa miezi kadhaa lori kuukuu aina ya Bedford, ambalo kwa jicho la mpita njia lilikuwa lori moja, walakini kwa jicho la fundi lilikuwa malori mawili yaliyofungishwa ndoa. Nusu yake ya mbele, yenye kichwa na injini na ile namba iliyogongwa kiwandani katika chuma, ilitokana na gari ambalo mwenyewe alilirithi kwa baba yake; nusu yake ya nyuma, ibebayo mzigo, ilitoka katika gari jingine lililopinduka zamani, likakatwa vipande na kuuzwa kwa kilo. Kati ya nusu hizo mbili fundi alitia kipande cha urefu wa zaidi ya mita moja, ili bodi ipate kuchukua marobota mengi zaidi ya tumbaku, akakichomelea huku na huku, akabandika mabamba ya kiraka, akapaka rangi nyeusi, na kazi ikaisha. Iliisha kwa fundi. Kwa mwenye gari ndipo ilipoanza, maana alitaka kulirudisha barabarani, na barabara za siku hizi hazipitwi ila kwa karatasi mbili: ya mkaguzi, isemayo kwamba gari lafaa, na ya bima, isemayo kwamba likidhuru litalipa.

"Mwalimu," aliniambia baada ya maamkizi marefu ya kwetu, ambayo hayakatizwi hata kama nyumba yaungua, "karani wa bima amenipa fomu. Yauliza namba ya chesisi, mwaka wa kuundwa, na kama gari limebadilishwa umbo. Nikiandika namba ya mbele, je, nimesema kweli juu ya nyuma? Nikiandika halikubadilishwa, nimesema uwongo. Nikiandika limebadilishwa, watanifukuza. Naye shemeji yangu anishauri niichane hiyo fomu, kwa kuwa bima yenyewe ni haramu, na mwenye kumtegemea Mungu haihitaji."

Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwani niling'amua kuwa mzee huyu, asiyepata kusoma falsafa hata ukurasa mmoja, alikuwa amekusanya katika pumzi moja mambo yaliyowakesha wanazuoni wa mataifa mengi: kitu kilichobadilika chabakije kuwa kile kile, na wapi tawakali hukoma kuwa imani ikawa uvivu. Katikati ya hayo lilikuwapo suala jingine ambalo hakulitaja, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, la nani mwenye haki ya kuijua ila iliyofichwa chini ya rangi.

Kabla ya kuingia katika elimu hizo yafaa tukitazame chuma chenyewe, maana falsafa isiyopata kuinama chini ya lori haina budi kusema maneno mepesi juu yake. Chesisi ni boriti mbili ndefu, kila moja ikiwa na umbo la mfereji uliolazwa ubavu, zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama mfano wa vipandio vya ngazi. Mzigo ukaapo juu yake, ukingo wa juu wa boriti hubanwa na ukingo wa chini huvutwa, ilhali katikati, penye ubavu mpana wa wima, taabu ni ndogo. Ndiyo maana fundi ajuaye hutoboa matundu yake ubavuni, na kingo hazigusi abadan. Moto wa kuchomelea nao una hila yake. Chuma cha chesisi nyingi kimepikwa kiwandani kwa kadiri maalumu, na moto wa gereji huivuruga kadiri hiyo, hata pale pembezoni mwa kovu pakawa laini kupita kiasi, au pakawa pagumu pa kuvunjika. Kovu likipigwa wima, toka ukingo hadi ukingo, ufa hupata njia iliyonyooka. Likipigwa mshazari, na bamba la kiraka likachongwa ncha na kufungwa kwa bolti, nguvu hupita taratibu kutoka chuma hiki hadi kile. Tena gari likirefushwa, shafti ipelekayo nguvu nyuma yataka kipande cha ziada na beringi ya kuishika katikati, ama sivyo itatetema mpaka ijikate. Haya fundi wetu aliyajua nusu. Na nusu ya elimu, kama nilivyopata kuona katika maisha yangu, ndiyo ile itoshayo kulifikisha lori Sikonge na isiyotosha kulirudisha.

Sasa, lori hili ni lipi? Wayunani wa kale walikuwa na kisa cha merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliihifadhi kwa kubadili kila ubao uliooza mpaka wenye hekima wakagawanyika, hawa wakisema ni ile ile, wale wakisema imekuwa nyingine; Plutarch alikiandika kisa hicho, na katika karne ya 17 Mwingereza aitwaye Hobbes akakifanya kigumu zaidi kwa kuuliza ingekuwaje kama mtu angeziokota mbao zilizotupwa akaunda nazo merikebu ya pili. Lakini sisi hatuna haja ya kwenda Athens. Mwisho wa njia yetu hii ya misafara, Kigoma, karibu na Ujiji, ipo meli iliyoundwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli iliyokuwa imefika Tabora mwaka 1912, ikaungwa upya ufukweni na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe, wakiwa wamekwisha kuipaka mashine zake mafuta mazito kama watu wamzikao mpendwa wao kwa nia ya kumfukua. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba. Na baadaye hata injini zake za mvuke ziliondolewa zikatiwa za dizeli. Imebadili jina, bendera, moyo na sehemu kubwa ya viungo, wala sijapata kusikia abiria wa Kigoma akisita kupanda kwa kuuliza kama ni meli ile ile.

Ni kwa sababu gani hasiti? Wanazuoni wa elimu ya kalam, wa madhehebu ya Ashari ambayo ndiyo iliyotawala katika madarasa ya pwani na ya miji ya bara iliyofuata pwani, walishikilia kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili, kwamba Mwenyezi Mungu huziumba upya kila kitambo, na kwamba kule kudumu tukuonako ni ada yake tu katika kuumba. Kwa itikadi hiyo mzee wetu angeweza kumjibu karani wa bima kuwa kila lori la Tabora ni jipya tangu jana, naye karani angekuwa na haki ya kumwonyesha mlango. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipojadiliana na wanafalsafa juu ya kufufuliwa kwa miili alileta hoja iliyo karibu zaidi na gereji: mtu toka utoto hadi uzee viungo vyake hubadilishwa na chakula, hukonda na kunenepa, naye ni yule yule, kwa kuwa utu wake umo rohoni na wala haumo katika nyama. Hoja hii ni nzuri, lakini haitufai, maana lori halina roho, hata kama madereva wengi huzungumza nalo mlimani kwa maneno ambayo mtu humwambia mkewe peke yake.

Iko lakini hadithi ya Mtume, iliyo mashuhuri, kwamba mwanadamu wote huoza kaburini isipokuwa mfupa mmoja mdogo wa mwisho wa uti wa mgongo, kifandugu, na kutokana na mfupa huo ataungwa tena Siku ya Kiyama. Niliposimuliwa jinsi kadi ya gari inavyoandikwa nilikumbuka hadithi hiyo papo hapo. Rangi yaweza kubadilishwa, injini yaweza kubadilishwa, kichwa na bodi vyaweza kubadilishwa, mradi mabadiliko yaandikwe; lakini namba ile iliyogongwa katika chesisi ndiyo kifandugu cha lori, na serikali, kwa namna yake, hulifufua gari zima kutokana na namba hiyo. Taabu ya mzee ni kwamba lori lake lina uti wa mgongo wa wafu wawili. Namba iko mbele, na mzigo uko nyuma. Ile sehemu iliyotajwa jina haibebi kitu, na ile ibebayo tani za tumbaku haina jina hata moja.

Nilikaa na fikira hiyo siku nyingi, nikaona kwamba kudumu kwa kitu kisicho na roho hakumo ndani ya kitu. Liemba ni Liemba kwa kuwa kila badiliko lake lilisemwa mbele ya watu: ilizamishwa ikajulikana imezamishwa, iliinuliwa ikajulikana imeinuliwa, ikapewa jina jipya hadharani wala si kwa kificho. Uzi unaoshona ile ya 1915 na hii ya leo ni ushahidi. Lori la mzee nalo laweza kuwa lori moja, lenye haki zote za lori moja, iwapo atapatikana wa kusema wazi: mbele ni hili, nyuma ni lile, na hapa pana kovu. Likinyamaziwa, huwa mawili tena, hata kama kovu limeshikana kama jiwe.

Na tusidhani kwamba kuungwa upya ni aibu kwa chuma. Nchi yetu hii ya Unyamwezi imepata kuona chuma kilichobadilishwa kwa fahari kubwa kuliko hiyo. Katika mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, Urambo ikiwa miongoni mwa mahali pake patatu pamoja na Kongwa na Nachingwea, yaliletwa matrekta yaliyotokana na vifaru vya vita aina ya Sherman, ambavyo kampuni ya Vickers ya Uingereza ilivigeuza viache kusukuma majeshi ving'oe visiki, vikapewa jina la Shervick. Fikira hiyo haikuwa mbaya. Ni nani asiyependa kuona silaha ikigeuzwa jembe? Hesabu zilikuwako, karatasi zilikuwako, mihuri ilikuwako, na kitu kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuuliza udongo na mvua kwanza. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha kuvunjwa, na Urambo ikarithi barabara, vyuma chakavu, na baadaye zao la tumbaku, ambalo ndilo mzigo wa lori letu. Nimeingiza kisa hiki kwa sababu ya neno moja: karatasi iliyokamilika haithibitishi kwamba kuna mtu aliyetazama.

Kuhusu haki ya kujua, majaji wa Uingereza na mafakihi wa Kiislamu, ambao aghalabu hawasafiri pamoja, walifika mahali pamoja kwa njia mbili. Mwaka 1766 Lord Mansfield aliamua kesi ya Carter na Boehm: Carter alikuwa gavana wa ngome ya Fort Marlborough huko Sumatra, akakata bima dhidi ya ngome kutekwa na adui wa Kizungu, Wafaransa wakaiteka, Boehm, mwenye bima, akakataa kulipa kwa hoja kwamba Carter alimficha udhaifu wa ngome. Mansfield akaweka msingi ambao sheria za bima za nchi nyingi zilijengwa juu yake, kwamba mambo yatakiwayo kupimwa katika hatari aghalabu hujulikana na mwenye kukatiwa bima peke yake, basi akificha ameuharibu mkataba. Hata hivyo alimpa Carter ushindi, kwa kuwa yale aliyodaiwa kuyaficha Boehm angaliweza kuyajua au kuyauliza akiwa London. Watu wengi hunukuu nusu ya kwanza ya hukumu hiyo na kuisahau ya pili, ilhali ya pili ndiyo yenye faraja kwa mzee wetu: mwenye bima akiambiwa wazi kwamba chesisi imeungwa, akaikubali, akapokea fedha, hawezi kesho kusimama kwenye mabaki ya ajali akajifanya ameshtuka.

Mafakihi walianzia sokoni. Yasimuliwa kwamba Mtume alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu, akamwuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka unyevu ule juu ili watu wauone, kisha akamtoa mwenye hadaa katika safu ya watu wake. Katika fikihi ya Shafii, mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye ila iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha. Hakulaumiwa mtu yule kwa kuwa mvua ilimnyeshea nafaka, maana mvua ni ya Mungu. Alilaumiwa kwa mpangilio wa rundo. Na rangi nyeusi juu ya kovu la chesisi ni nini, kama si nafaka kavu iliyopangwa juu ya nafaka mbichi?

Nilimpa mzee maneno hayo, naye akayapokea. Lakini shemeji yake, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka akitafuna matobolwa kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda, akasema kwamba yote hayo ni hoja za kusema kweli katika jambo ambalo asili yake ni batili. "Mtu hawi mkweli katika kamari ikageuka halali," alisema. Nakiri kwamba shemeji huyu ni mtu wa kuheshimiwa katika hoja kuliko mawakala wengi wa bima niliowahi kuwasikia. Mwanachuoni Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alipoulizwa juu ya bima ya mali baharini iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa Ulaya, aliikataa. Na mwaka 1985 baraza la mafakihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah likaamua kwamba bima ya biashara, kwa gharari iliyomo, haifai, na ile ya kusaidiana ndiyo ifaayo. Gharari maana yake ni kuuziana lisilojulikana: leo nalipa, kesho sijui kama nitapata maradufu au nitapata hewa.

Lakini mafakihi hao hao hawakuufunga mlango wakaondoka na ufunguo. Waliangalia desturi ya kale ya Waarabu, ambayo Uislamu uliithibitisha, kwamba mtu akiua pasipo kukusudia, fidia haimwangukii yeye peke yake. Ukoo wake wa kuumeni huichanga pamoja, kwa sababu familia ya marehemu haistahili kupoteza mtu na pia kupoteza haki yake ati kwa kuwa mkosaji ni fukara. Juu ya msingi wa kuchangiana yakajengwa makampuni ya takafuli, la kwanza Sudan mwaka 1979. Na hapa ndipo nilipomwomba shemeji aisome tena ile fomu aliyotaka ichanwe. Sheria ya bima ya magari ya nchi hii, Sura ya 169, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1945, haimlazimishi mwenye gari kukatia bima gari lake, wala shehena yake, wala roho yake. Ile bima ndogo, kama tuiitavyo, ni ya mtu wa tatu: mtoto avukaye barabara Ipole, mama mwenye baiskeli na ndoo ya asali, mpita njia ambaye hakulipanda lori, hakuliunga, na hakuulizwa.

Hilo ndilo lililonishinda katika hoja ya tawakali kama shemeji alivyoieleza. Mtu anaweza kumtegemea Mungu kwa mwili wake mwenyewe hata akalala njiani simba wanaponguruma, nasi tukamwita walii au mpumbavu kwa kadiri ya mwisho wake. Bali kumtegemea Mungu kwa miili ya watu wengine, bila ya idhini yao, ni jambo jingine kabisa. Ni kutoa sadaka kwa mkoba wa jirani. Yule bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia au ategemee, akaambiwa amfunge kisha ategemee, alikuwa anauliza juu ya ngamia wake. Seuze ngamia ambaye akikatika kamba huingia katika shamba la watu. Ndugu zetu Wakristo, ambao mjini Tabora tunaishi nao ukuta kwa ukuta na ambao wamisionari wao walifika hapa katika miaka ya 1870, nao wana kisa cha Isa alipopandishwa juu ya hekalu akaambiwa ajitupe kwa kuwa malaika watamdaka, akakataa kumjaribu Mungu. Na yeye hapakuwa na mtu chini yake.

Misafara ya zamani haikuwa na bima, watu husema, na ilifika. Ilifika mingine. Kila mpagazi alitwikwa kiasi cha frasila mbili, za merikani na shanga kwa kuja, za pembe kwa kurudi, na katika safari hizo hizo wakaswagwa watumwa ambao hakuna aliyewaandikia hati yoyote ya dhamana. Matajiri wa Unguja kama Taria Topan, aliyemkopesha mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip mali, walijua kwamba mkopo wa kwenda bara umebeba vita, njaa, ndui na moto, nao wakaipima hatari hiyo ndani ya faida. Mtemi Mirambo alipoifunga njia katika vita vyake na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, hesabu hizo zote zilipinduka. Bima ilikuwako, basi, ila haikuwa na jina, na waliolipa kwa wingi ni wale wasioshirikishwa katika faida.

Tena msafara ulitozwa hongo. Neno hili limetembea safari ndefu kuliko mpagazi yeyote. Zamani hongo ilikuwa ushuru wa kupita, uliolipwa hadharani kwa mtemi, hasa katika nchi ya Ugogo yenye kiu, kwa vitambaa na shanga, baada ya mabishano ya siku kadhaa. Aliyelipa alipata maji, njia, na amani ya mwenye nchi. Wasafiri waliichukia, na yamkini mara nyingi ilizidi kiasi, lakini ilikuwa bei ya kitu kilichopo. Leo hongo ni bei ya kitu kisichokuwapo. Mtu hulipa ili jicho lisitazame, apewe karatasi isemayo kwamba limetazama. Na nilipofika hapo katika fikira zangu niliona kwamba hatari ya dini katika mambo haya haiko mahali alipoitafuta shemeji. Cheti kilichopatikana bila mtu kuinama chini ya lori ni hirizi. Hubandikwa kiooni kama hirizi ifungwavyo mkononi, hutegemewa kama hirizi itegemewavyo, na mwenye nayo huamini kwamba wino una nguvu juu ya chuma, jambo ambalo akiambiwa na mganga atalicheka. Tukitafuta mahali ambapo tegemeo kwa Mungu limepokonywa na kupewa kisicho Mungu, tusiitazame bima iliyosemwa kweli. Tukitazame kibandiko kilichonunuliwa.

Mzee alikwenda kwa mkaguzi asubuhi moja ya kiangazi, nami nilifuatana naye kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuingia katika jambo hili kiasi cha kuona haya kukaa nyumbani. Mkaguzi alikuwa kijana, akampa mzee shikamoo kabla ya kumwuliza kadi, jambo lililonipa matumaini.

"Afande," mzee akaanza mwenyewe, "kabla hujainama, hapa nyuma ya kichwa pana kiungo. Na nyuma si ya mbele."

Kijana akamtazama, akatoa nyundo ndogo, akaingia chini. Tulisikia akigonga ribiti moja moja, na hata mimi nisiye fundi niliweza kutofautisha zile zilizojibu kwa sauti kali na zile zilizojibu kama mlango wa mbao. Alipotoka alikuwa na vumbi jekundu la kutu kwenye vidole. Alilikataa lori. Alieleza kwamba kovu limepigwa wima, kwamba upande wa kulia, kwenye ukingo wa chini, ufa mwembamba kama unywele umekwisha kupasua rangi, na kwamba kwa mzigo wa tumbaku lingekatika kabla ya mwezi. Mzee akamshukuru. Sijui ni watu wangapi katika mji ule waliopata kukataliwa wakashukuru, lakini nilimwona kwa macho yangu.

Kazi ya pili ilichukua karibu mwezi mzima na kugharimu bei ya ng'ombe watatu. Kovu lilikatwa lote, likarudiwa kwa mshazari, mabamba mapya yakachongwa ncha na kufungwa kwa bolti ubavuni, shafti ikapewa beringi yake ya katikati. Mkaguzi alipoliona mara ya pili alilipitisha, kwa mzigo mdogo kuliko ule mzee aliokusudia. Karani wa bima naye, baada ya kuisoma fomu iliyojazwa mpaka pembeni kwa mwandiko wa mjukuu, alikataa katakata kutoa bima kubwa, akatoa ile ndogo, na kwa mkono wake mwenyewe akaandika katika hati kwamba chesisi imeunganishwa kutoka magari mawili.

Fundi alitaka kupaka rangi nyeusi kama kwanza. Mzee akamzuia, akamwagiza apake chesisi nyeusi yote isipokuwa pale penye kiungo, pande zote mbili, papakwe nyeupe. Siku lori lilipoondoka kwenda Sikonge shemeji alikuja na madebe yake mawili ya asali akiomba nafasi, kwani basi lilikuwa limekwisha kuondoka. Aliyapakia madebe, akaufungua mlango wa kichwa, akaweka mguu mmoja juu. Kisha akashuka, akakunja kanzu yake magotini, akainama chini ya lori, akatazama kwa muda penye rangi nyeupe.

"Haya," akasema, akapanda.